Kitabu Kikisema 3 na Wewe Umepata 9

Kabla hujasoma zaidi, fanya hesabu hii kichwani: 10 − 4 + 3.

Umepata ngapi? Kama ni 9, uko sawa, twende. Kama ni 3, usijilaumu sana, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba umefanya vile ulivyofundishwa, neno kwa neno. BODMAS. Mabano kwanza, halafu ile "of", kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa. Kujumlisha kumetajwa kabla ya kutoa, kwa hivyo ukaanza na 4 + 3, ukapata 7, ukaitoa kwenye 10, ikabaki 3. Ulifuata herufi kama askari. Shida ni kwamba hapo herufi zinapotosha. Kujumlisha na kutoa ni wa daraja moja. Wakikutana bila mabano, unahesabu kutoka kushoto kwenda kulia, aliyetangulia anahudumiwa kwanza kama kwa foleni ya benki. Kugawanya na kuzidisha ni hivyo hivyo.

Kama huniamini mimi, amini pesa. Una shilingi 1,000 kwa M-Pesa. Unamtumia mtu 400, halafu mwingine anakutumia 300. Tuweke ada kando. Salio lako ni 900. Sasa yule wa "kujumlisha kwanza" atajumlisha 400 na 300 apate 700, azitoe zote, akuambie umebaki na 300. Ungekubali? Ungekuwa tayari umepiga simu kwa huduma kwa wateja, na sauti imepanda.

Lakini ikiwa kwenye kitabu, tunakubali.

Kwenye ploti yetu kuna msichana wa Gredi ya 6 ambaye jioni huja na daftari lake tukae kwa ngazi. Mimi ndiye mwalimu wa ploti kwa sababu mbili tu: niko nyumbani na nina intaneti. Chuo niliacha mwaka wa pili, ama tuseme karo ndiyo iliyoniacha mimi, kwa hivyo usiniite profesa. Siku hiyo alikuwa na kijitabu cha kudurusu, zile za karatasi nyembamba ambazo mzazi hununua mtaani akijibana, na alikuwa amemaliza zoezi zima kuhusu kujumlisha na kutoa. Akafungua majibu ya nyuma ajisahihishe. Kitabu kilisema 3. Yeye alikuwa ameandika 9. Hakuuliza chochote. Alichukua raba, akafuta ile 9 hadi karatasi ikaanza kuchanika, akaandika 3.

Nikamuuliza mbona amefuta. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa mbona anavaa viatu.

"Anko, si kitabu kimesema hivyo."

Halafu akaongeza, bila huzuni hata kidogo, vile mtu husema leo kuna jua: "Hesabu hunikataa mimi."

Hapo ndipo nilipokasirika, na bado sijapoa. Angalia kilichotokea. Mtoto alifikiri, akafika mahali sahihi, akaadhibiwa na karatasi. Kosa kwenye kitabu cha historia linakupa mwaka usio sahihi. Utakuja kuusahihisha siku moja ukisoma kwingine. Kosa kwenye kitabu cha hesabu linafanya kazi nyingine kabisa. Linakufundisha kwamba akili yako, hata ikifuata kila hatua vizuri, haiaminiki. Na halimgusi mvivu. Yule anayenakili majibu ya nyuma moja kwa moja hana habari, alama zake anapata. Anayeumia ni yule aliyefanya kazi.

Sasa fikiria ni wangapi. Walioketi mtihani wa kwanza wa KJSEA mwaka 2025 walikuwa zaidi ya milioni moja. Huo ni mwaka mmoja wa wanafunzi, gredi moja. Ukurasa mmoja wenye kosa kwenye kitabu kinachosambazwa nchi nzima ni mwalimu mmoja mkaidi anayeingia maelfu ya madarasa kwa wakati mmoja, na hakuna anayeweza kumnyoshea mkono.

Makosa haya pia si ya aina moja. Tukiyatupa yote kwa kapu moja, tutaishia kutibu homa na kuacha malaria.

Kuna kosa la kidole. Nukta ya desimali imeruka, alama ya kutoa imepotea, jibu la swali la 7 limewekwa kwa la 8 na kila kitu kikasogea. Hili ndilo hupigwa picha, likawekwa mtandaoni, tukacheka. Ni baya, lakini ndilo jepesi kuliko yote, kwa sababu mtu akiliona anajua ni kosa.

Kuna lingine ambalo mimi huliita kanuni yenye tarehe ya kuharibika, kama maziwa ya pakiti. Mtoto anaambiwa kuzidisha huongeza. Ni kweli, mpaka siku atakapozidisha 8 kwa nusu apate 4, na hapo anadhani amekosea. Anaambiwa huwezi kutoa nambari kubwa kutoka kwa ndogo, halafu miaka michache baadaye anakutana na nambari hasi na lazima asahau kila kitu. Anapewa picha za maumbo azitenganishe, mraba huku, mstatili kule, kana kwamba mraba si mstatili. Ni mstatili, msee. Una pande nne, pembe zote nne ni pembe mraba, basi. Kuwa na pande zinazotoshana hakuuondoi kwenye ukoo.

Na mfalme wa kundi hilo ni π. Simamisha vijana kumi hapo Tom Mboya uwaulize π ni nini. Sitashangaa wengi wakikuambia ni 22 kwa 7. Si kweli. 22 ukigawa kwa 7 unapata 3.142857 na kuendelea. Π ni 3.141592 na kuendelea. Zinaachana kwenye nafasi ya tatu ya desimali. Tangu 1761, Johann Lambert alipothibitisha, inajulikana kwamba hakuna sehemu ya nambari nzima mbili, hata iwe kubwa namna gani, inayotoshana na π. Mtahini akisema "chukua π kuwa 22/7" hana makosa, anakupa makadirio ya kufanyia kazi. Kitabu kikiandika π = 22/7 bila neno lolote, kinadanganya. Na uongo huo una matokeo. Duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 7: kwa 22/7 eneo lake ni 154 kamili. Mwanafunzi aliyebonyeza π kwenye kikokotoo anapata 153.94. Yeye ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, na yeye ndiye atakayewekewa mkasi.

Kuna aina ya tatu, na hii ndiyo huninyima usingizi: swali ambalo haliwezi kuwepo. Mwanahisabati wa Urusi, Vladimir Arnold, aliandika kuhusu swali moja ambalo kwa maelezo yake lilikuwa la mtihani wa kawaida Marekani. Pembetatu yenye pembe mraba, upande wake mrefu zaidi ni inchi 10, na kimo kutoka kwenye ile pembe mraba hadi upande huo ni inchi 6. Tafuta eneo. Wanafunzi walijibu kwa miaka: nusu ya 10 mara 6, jibu 30. Halafu, anasimulia Arnold, wakaja wanafunzi kutoka Moscow na wote wakashindwa kulijibu. Kwa nini?

Usisome mbele kwanza. Chukua mfuniko wa sufuria, uchore duara. Piga mstari unaopita katikati kabisa, ukingo hadi ukingo. Tuseme huo ni inchi 10. Weka nukta popote kwenye ukingo wa juu na uiunganishe na ncha mbili za mstari. Pale kwenye nukta utapata pembe mraba kila mara, na kila pembetatu ya pembe mraba yenye upande mrefu wa inchi 10 inakaa ndani ya nusu duara hiyo. Sasa nukta inaweza kupanda umbali gani juu ya mstari? Ikifika kileleni iko nusu kipenyo, yaani 5. Haiwezi kufika 6. Hiyo pembetatu haiko duniani. Wa Moscow walishindwa kulijibu kwa sababu walijaribu kuiona.

Unaelewa uzito wake? Swali la aina hiyo linampa alama zote anayebandika nambari kwenye fomula, na kumwangusha anayechora. Tukijaza vitabu na maswali kama hayo, halafu baadaye tulalamike ati vijana hawafikiri, tunataka nini hasa?

Aina ya mwisho ni hadithi isiyo na maana. Mwaka 1964 mwanafizikia Richard Feynman, ambaye mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel, alikubali kukaa kwenye tume ya jimbo la California iliyochagua vitabu vya shule, na kazi yake ikawa vile vya hesabu. Alivisoma kweli, rafu nzima ya urefu wa zaidi ya mita 5. Kwenye kitabu kimoja alikuta swali ambapo mtoto na baba yake wanatazama nyota, kila nyota na joto lake, kisha mwanafunzi anaulizwa jumla ya joto la nyota walizoziona. Hakuna kitu duniani kinachoitwa jumla ya joto la nyota mbili. Ni sawa na mimi nikuulize: umepanda 46 kutoka Kawangware, ukashuka tao ukapanda 58 ya Buruburu, jumla ya matatu zako ni ngapi? Jibu ni 104, na jibu ni upuzi.

Feynman alisimulia jambo lingine kwenye kitabu chake cha 1985 ambalo kila mtu wa idara ya elimu angeandikiwa ukutani. Kulikuwa na seti ya vitabu vitatu, na cha tatu hakikuwahi kumfikia. Kwenye mkutano akaulizwa anakionaje. Akasema hajakipata. Ikajulikana kwamba kitabu hakikuwa tayari, kwa hivyo mchapishaji alituma majalada yenye kurasa tupu ndani. Baadhi ya wajumbe walikuwa wamekipa alama. Na alama zake zilikuwa juu kidogo kuliko za vile viwili vyenye maandishi.

Turudi nyumbani. Sisi tuna Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Nchini, KICD, ambayo hukagua vitabu na kutoa orodha ya vilivyoidhinishwa. Mpango wenyewe si mbaya. Mapema 2018, wakati serikali ilipoanza kununua vitabu moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji ili kila mwanafunzi awe na chake, picha za kurasa zenye makosa zilijaa mitandaoni. Unakumbuka. Tulicheka, wakubwa wakajieleza, wiki ikaisha, tukahamia kwa kicheko kingine. Swali ambalo sikumbuki tukiuliza kwa sauti ni hili: yule mtoto aliye na kitabu hicho mkononi, kule mashinani ambako hakuna Twitter, ataambiwa na nani?

Na kasi tangu hapo haijapungua. Mtaala mpya ulianza madarasani 2019 na gredi za chini, na umekuwa ukipanda ngazi karibu kila mwaka, hadi Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026. Kila gredi mpya ni vitabu vipya, mwandishi mbioni, mhariri mbioni, mtambo unasubiri. Kitabu cha hadithi kinaweza kustahimili haraka. Cha hesabu hakiwezi, kwa sababu mhariri wa lugha hupita juu ya 153 na 135 bila kuona chochote. Zote zimeandikwa vizuri. Lazima kuwe na mtu anayekaa chini na kufanya kila swali upya, moja baada ya jingine, bila kutazama jibu. Ni kazi ya kuchosha. Haina heshima yoyote, jina lako haliandikwi kwa jalada. Na nadhani ndiyo kazi ya kwanza kukatwa muda ukibana.

Hapo bado sijagusa soko la chini, ambako hakuna anayekagua. Vijitabu vya kudurusu. Majibu ya mitihani ya majaribio yaliyochapwa na mtu fulani, yakatiwa kwa PDF, yakapita vikundi 40 vya WhatsApp vya wazazi mpaka hakuna anayejua yalianza wapi. Apu za AI ambazo unapiga picha swali na zinakujibu kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuwa na shaka, hata anapokosea. Kuna mzazi anayelipa pesa zake kwa hivi vitu akidhani anamwokoa mtoto.

Najua kuna mwalimu anasoma hapa na tayari amekunja uso. Mwalimu, nakusikia. Una darasa lililojaa, una ripoti za tathmini za kujaza, halafu aje kijana aliyeacha chuo akuambie uruhusu watoto wapinge kitabu? Kila jibu litakuwa na kesi. Na kweli, si kila anayepiga kelele "kosa!" ana haki. Chukua hii: 12 ÷ ½ of 4. Mtoto akiweka kwenye simu kama 12 ÷ ½ × 4, simu itampa 96. Kitabu cha Kenya kitasema 6. Kitabu hakijakosea. Sisi tuna desturi kwamba "of" hufanywa kwanza, na hata ukiisoma kwa Kiswahili utaona mantiki yake: 12 gawa kwa nusu ya 4. Nusu ya 4 ni 2, 12 gawa kwa 2 ni 6. Simu haijui desturi hiyo. Kwa hivyo kuna kosa, na kuna makubaliano, na sehemu ya kujua hesabu ni kutofautisha hayo mawili. Kitabu kizuri kingesema wazi: haya ni makubaliano yetu.

Lakini hiyo ndiyo hoja yangu, mwalimu. Katika somo lolote lingine, mtoto akikupinga mnaweza kuishia kwa nani ni mkubwa. Hesabu ndilo somo ambalo mtoto wa miaka 11 anaweza kukuonyesha kwa kalamu, hatua kwa hatua, na umri wenu hauna kazi hapo. Kumruhusu aonyeshe hakukuvunjii heshima. Dakika tano za kubishana juu ya jibu la kitabu ni somo bora kuliko maswali 20 ya kunakili.

Na ukitazama nyuma, makosa kwenye karatasi za hesabu yamezaa mambo makubwa. Lile jedwali la logi ulilobeba sekondari, lenye tarakimu ndogo kama sisimizi? Majedwali ya namna hiyo zamani yalihesabiwa kwa mkono na watu, na yalijaa makosa. Mwaka 1821 Charles Babbage na rafiki yake John Herschel walikuwa London wakilinganisha majedwali ya kinajimu, kosa baada ya kosa, hadi Babbage akachoka na kutamani kazi hiyo ifanywe na mashine ya mvuke. Akatumia maisha yake kubuni mashine hizo. Hakuzimaliza, lakini simu unayosomea hii ina damu yake. Au William Shanks, Mwingereza aliyeihesabu π kwa mkono hadi tarakimu 707 na kuzitoa 1873. Watu walizitumia kwa miaka zaidi ya 70. Mwaka 1937 jumba moja la sayansi jijini Paris lilizipamba kwenye chumba maalum cha π. Kisha Mwingereza mwingine, D. F. Ferguson, akakagua katika miaka ya 1940 na kukuta Shanks alipotea kwenye tarakimu ya 528, na zote zilizofuata ni takataka. Jumba lile lilisahihisha chumba chake 1949. Walipanda ngazi, wakabadilisha tarakimu, kazi ikaisha.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa Donald Knuth, mwalimu mstaafu wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyeandika vitabu maarufu kuhusu programu za kompyuta. Kila anayemwonyesha kosa kwenye kitabu chake humlipa dola 2.56. Senti 256, yaani 2 ikizidishwa yenyewe mara nane, utani wa watu wa kompyuta. Si pesa za kununua hata chakula cha mchana huko kwao, lakini watu walikuwa wakipata hundi zake hawaendi benki. Wanaziweka kwa fremu. Tangu 2008 aliacha hundi za kweli kwa sababu ya matapeli wa akaunti na sasa hutoa cheti cha benki ya kubuni. Bado watu wanatafuta makosa kama dhahabu. Fikiria mwandishi anayekualika umkosoe, halafu anakulipa, na bado sifa yake inapanda.

Sasa weka hilo kando ya mchapishaji wetu ambaye, akiandikiwa, husema "tutarekebisha toleo lijalo". Toleo lijalo linamsaidia nani? Vitabu vya serikali ni mali ya shule. Mwaka ukiisha vinarudishwa na kukabidhiwa darasa linalofuata, na linalofuata, mpaka jalada lianguke. Kosa la leo litasomwa na mtoto ambaye sasa hivi yuko chekechea.

Ninachotaka hakihitaji tume wala safari ya kwenda Singapore kujifunza. Kila kitabu cha hesabu kilichoidhinishwa kiwe na ukurasa wa masahihisho, hadharani, palepale penye orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa: ukurasa namba hii, swali namba hii, limeandikwa hivi, lisomeke hivi, limegunduliwa tarehe hii. Kila muhula mchapishaji atume karatasi hiyo kwa shule, nakala moja tu, ibandikwe ukutani. Mwanafunzi mmoja kwa kila darasa apewe kazi ya kuandika masahihisho kwa penseli kwenye vitabu vyote. Wino na karatasi moja, bana. Kuwe na nambari ya ujumbe mfupi ya kuripoti, isiyokula salio. Na jina la mwanafunzi aliyegundua, kama yeye na mzazi wake wamekubali, liandikwe kando ya kosa, na apewe hata salio la shilingi 100. Mtoto wa Gredi ya 6 ambaye jina lake liko kwenye orodha ya waliosahihisha kitabu cha nchi nzima hatakuambia hesabu humkataa.

Mchapishaji ataogopa aibu. Naelewa, orodha ndefu ya makosa inaonekana vibaya kwa mteja anayetaka kununua. Basi KICD ilifanye sharti kwa wote, ili asiwepo wa kuaibika peke yake. Na mimi kama mzazi wa kesho ningenunua kitabu chenye makosa 30 yaliyotangazwa kabla ya chenye makosa sifuri, kwa sababu cha sifuri ama hakijasomwa, ama kuna mtu ananificha kitu. Kumbuka kile kitabu chenye kurasa tupu kilichopewa alama za juu.

Wizara nayo haina pa kukimbilia. Ilikuwa karibu hisabati iwe ya hiari katika sekondari ya juu, kelele zikapigwa, na mwaka 2025 msimamo ukabadilishwa: kila mwanafunzi ataisoma, moja nzito kwa wa sayansi na teknolojia, nyingine nyepesi kwa wengine. Sina tatizo na hilo. Ila ukimlazimisha mtu kula, hakikisha chakula hakina mawe.

Hadi hayo yatakapofika, wewe una mdogo wako, binamu, ama mtoto wa jirani. Leo jioni chukua kitabu chake cha hesabu, fungua zoezi moja, funika majibu, ulifanye lote naye. Jibu lenu likiachana na la kitabu, msifute kwanza. Lirudisheni jibu la kitabu ndani ya swali mwone kama linaingia. Fanyeni kwa njia nyingine. Choreni. Someni maagizo tena, huenda kuna makubaliano mliyoruka. Likibaki kosa, pigeni picha ya ukurasa na ya jalada, mtoto ampelekee mwalimu kwa adabu akiwa na hatua zake zote zimeandikwa, na wewe umwandikie mchapishaji. Anwani yake kwa kawaida iko kwenye ukurasa wa haki za kunakili, zile herufi ndogo za mwanzoni ambazo hakuna mtu husoma. Andika jina la kitabu, toleo, ukurasa, swali, jibu lao, jibu lenu. Na uweke tarehe, ndiyo tujue walichukua siku ngapi kujibu.